Chungu cha Dawa Hakirudishwi

Kijiji cha Shigou,
Wilaya ya Neiqiu,
Mkoa wa Hebei.
Jumapili, 24 Novemba 2013

Mpendwa Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na mumeo, Bwana Duan, na binamu yangu Lei, ambaye sijamwona hata kwa picha. Baba husema kwamba huko bondeni kwenu Yunnan hakuna theluji na watu huvaa kandambili mwaka mzima. Je, ni kweli? Hapa baridi imefika. Asubuhi ya leo maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu, nikaipasua kwa kata.

Mimi sijambo. Baba na Mama wako Tianjin kwenye kazi ya ujenzi. Walipiga simu wiki iliyopita, nao ni wazima. Kuhusu Bibi nitaeleza polepole, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Pengine umenisahau sura. Mimi ni Xiaosui, binti wa kaka yako. Siku ulipoondoka na Bwana Duan nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya gunia la kunazi pale mlangoni, nawe ukachomoa kitana chako chekundu ukanichomeka nacho nywele. Bado ninacho. Kimekatika meno, lakini kinashika. Sasa niko mwaka wa mwisho wa shule ya kati kule mjini. Nalala bwenini, na Ijumaa jioni narudi kwa Bibi.

Anwani yako nimeinakili kutoka kwenye kifurushi ulichotuma. Ningepiga simu, lakini nyumba yetu ina chumba kimoja tu chenye joto wakati huu wa mwaka, na Bibi husikia kila ninalosema. Tena Mwalimu Lü hutufundisha kwamba jambo zito likiandikwa, msomaji anaweza kulirudia akiwa ametulia. Nakuomba, Shangazi, hili ulisome mara mbili.

Msimu wa kunazi mwaka huu ulikuwa mzuri. Vichaka vya mlimani viliinama kwa matunda, na miiba yake, kama unavyoijua, haikumwonea haya mtu. Zamani, anasema Bibi, mlima mzima ulikuwa ukipiga kelele siku za kuvuna. Mwaka huu nilisikia fimbo yangu na fimbo ya jirani yetu Bibi Hou tu. Nyumba nyingi zina kufuli. Jioni ukisimama juu ya paa kuanika matunda, unaona moshi ukitoka kwenye mabomba machache, na kwa kila moja unajua wenyewe wamekula nini.

Viini vya kokwa tulivyochagua vimeshachukuliwa na lori la wanunuzi wa dawa. Viini hivyo huenda nchi nzima kuwalaza watu wasiopata usingizi. Vyote hupita kwanza mikononi mwa Bibi, ambaye huvipepeta, huvichagua na kuvinusa. Na yeye mwenyewe, Shangazi, halali.

Ilianza mwaka jana, alipoteleza mlimani akaumia goti. Tulidhani ni maumivu. Goti likapoa kiasi, lakini usingizi haukurudi. Nijapo nyumbani namsikia akijigeuza juu ya kitanda cha matofali, kisha anaketi, kisha anavaa viatu. Mbwa wa jirani akibweka, anatoka mpaka langoni. Komeo la lango halifungwi. Mwanzoni nilidhani anasahau, nikawa naenda kulifunga mimi. Asubuhi nalikuta wazi.

Najua Baba alikueleza haya kwa simu, na ndiyo maana ukatuma kile kifurushi. Sasa nieleze jinsi kilivyopokelewa, maana umengoja majibu muda mrefu bila kusikia neno, na pengine umeumia.

Nilikichukua dukani mjini, wanakopokea vifurushi, nikakipandisha mlima mgongoni. Nilifurahi njia nzima. Jina lako lilikuwa juu yake, na mwandiko wako umelalia upande kama wa Baba. Nilipofika, Bibi Hou wa nyumba ya pili, ambaye hakika unaukumbuka mdomo wake, alikuwa amekuja kuchagua kokwa na Bibi karibu na jiko.

“Fungua taratibu, we mtoto,” alisema Bibi. “Kamba nzuri hiyo, tutafungia magunia.”

Alikuwa akitabasamu. Nakuapia, Shangazi, alikuwa akitabasamu na vidole vyake vilikuwa vikitafuta pa kushika. Kwanza yalimwagika yale matunda makavu ya macho ya joka, meusi na matamu, na Bibi Hou akawa ameshatia moja mdomoni kabla sijaokota la pili. Halafu magazeti. Halafu, kati ya magazeti, ukatokeza mkono wa chungu.

Bibi alikitambua kabla sijakitoa chote.

“Yoo!” Bibi Hou alijipiga paja. “Chungu cha dawa kwa posta! Nimeona watu wakitumiwa viatu, nimeona wakitumiwa samaki mkavu, lakini mama kutumiwa ugonjwa, na muhuri juu yake, leo ndiyo mara ya kwanza!”

“Nyamaza, Hou.”

“Ninyamaze nini? Hata mtoto wa juzi anajua. Chungu cha dawa kikiazimwa hakirudishwi. Mwenyewe akikihitaji, anakifuata kwa miguu yake. Ukikirudisha, umemrudishia na maradhi.”

“Nimesema nyamaza. Na hiyo kokwa iteme, itakukaba.”

Bibi hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alijipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja, akaniambia, “Kiweke juu ya ukuta wa uani. Ndani kisiingie.” Kisha akarudi kwenye kokwa zake. Bibi Hou aliaga mapema siku hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mimi najua hukukusudia ubaya. Ulisikia mama yako halali, ulisikia goti lake halimwezeshi tena kupanda treni, ukaona umpelekee chungu chake cha kuchemshia dawa, umwondolee safari. Ni wema. Na umekaa mbali; pengine huko watu hununua dawa iliyokwisha kuchemshwa, ikiwa ndani ya vipakiti, na vyungu havina mwiko. Hata wenzangu bwenini nilipowasimulia, mmoja tu ndiye aliyeshika mdomo. Wengine waliuliza tatizo liko wapi.

Tatizo lenyewe nililijua Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nikimwosha Bibi miguu kwa maji ya moto yenye pakanga, kama alivyoagiza tabibu, huku nikikanda lile shimo la katikati ya unyayo. Huwa anasinzia kidogo wakati huo. Nilimwambia, “Bibi, Shangazi hakujua. Alifikiri anakusaidia.”

Akasema, “Mwiko nauacha kwa Hou. Mimi siogopi ugonjwa; ugonjwa tumeshazoeana.”

“Basi kwa nini kisiingie ndani?”

Aliutoa mguu mmoja majini, akaurudisha. Kisha akaniuliza kama najua ni nani aliyekitia chungu kile ndani ya kikapu chako siku ile ulipoondoka. Nilisema nadhani ulikichukua mwenyewe, kwa sababu ulikuwa ukikohoa.

“Achukue, na mimi nimesimama mlangoni? Siku hiyo nilikuwa nimemwambia maneno. Kwamba akiolewa mbali vile, asihesabu ana mama. Ukishasema hivyo mbele ya watu, utayaramba vipi? Nikakitia mimi, chini ya nguo zake. Unadhani nilimpa cha kuchemshia? Nilimpa ili niwe na cha kufuata. Mtu akiniuliza njiani, ‘Unakwenda wapi, mama wa Yunqiao, kwa mtoto uliyemkana?’ nimjibu, ‘Nakwenda kuchukua chungu changu, kwani kuna ubaya?’”

Niliendelea kukanda.

“Kila mwaka nasema baada ya kunazi,” alisema. “Kunazi zikiisha nasema baada ya baridi. Sasa goti hili. Hata hivyo nilikuwa na sababu, ipo, imekaa kule. Leo ameileta. Nikamfuatie nini?”

Shangazi, nimeyaandika maneno haya kama yalivyotoka, na sikupata ruhusa ya kuyaandika. Naomba unitunzie siri hiyo ukikutana naye.

Usidhani tumekaa bila kutafuta dawa. Nilimpeleka kwa Mzee Pang, tabibu wa kijiji cha chini. Alimshika mapigo mkono huu, kisha mkono ule, akamwambia atoe ulimi.

“Mwekundu,” alisema. “Kama wa paka aliyeiba pilipili. Moyo una moto, ini limekauka. Wewe mama, unawaza nini?”

“Nawaza utamaliza lini,” alijibu Bibi.

Akatuandikia viini vya kunazi vilivyokaangwa na kupondwa, ule uyoga mweupe unaoota kwenye mizizi ya msonobari, mzizi mtamu, na ule mtambaazi ambao mashina yake, anasema, hukumbatiana jua likizama na kuachana jua likichomoza. Akaongeza gome la mti wa furaha. Alivipima kwenye mizani yake ndogo akinong'ona. Kisha akauliza, “Unachemshia nini?”

“Sufuria.”

“Sufuria gani?”

“Ya uji. Ya alumini.”

Mzee Pang alirusha kalamu mezani. “Mimi nakupimia dawa kama dhahabu, wewe unakwenda kuipika supu ya bati! Mwanamke wa umri wako huna chungu?”

“Ninacho.”

“Kiko wapi?”

“Ukutani.”

“Ukutani kinafanya nini?”

“Kinaota jua,” alisema Bibi, akasimama, akachukua vifurushi vyake, tukaondoka.

Njiani nilimwomba tununue kipya sokoni. Hakutaka. Nilimwomba tuazime cha Bibi Hou. Akasema mwenye chungu haazimi chungu. Kwa hiyo tunachemsha kwa sufuria ile ile, na yeye anakunywa bila kukunja uso, na makapi yake anayamwaga barabarani watu wayakanyage, waondoke na maradhi. Lakini barabara yetu ina watu gani sasa? Makapi yanakauka yakiwa mazima. Bibi Hou ndiye anayetoka kwake makusudi, anayakanyaga kwa miguu yote miwili huku akisema, “Haya, nimekanyaga. Lakini nikikosa usingizi mimi, nahamia kwako na karata zangu.” Siku ya kwanza alipofanya hivyo Bibi alicheka. Ndiyo siku pekee ninayokumbuka akicheka msimu huu.

Dawa haikosi kusaidia. Jumamosi moja alilala hadi jua likagusa dirisha, nikawa natembea kwa soksi nisimwamshe. Lakini wiki iliyofuata mbwa akabweka, na yote yakaanza upya.

Sasa lile linalonitisha. Kwa kuwa halali usiku, mchana usingizi humkamata popote. Siku chache zilizopita alikuwa akikaanga viini jikoni, akasinzia akiwa ameketi, na mkono wa koti lake la pamba ukaanguka karibu na moto. Bibi Hou alinusa moshi kutoka kwake, akaja mbio. Hakuungua mwili, namshukuru Mungu wa jiko, ila mkono wa koti umeisha mpaka kiwikoni. Nilipofika Ijumaa alikuwa ameushona kiraka, akaniambia panya wamekula. Panya hawaachi harufu ya moshi.

Bwenini nami silali vizuri. Wenzangu wakishatulia, najiuliza kama ameketi, kama amevaa viatu, kama jiko lina moto. Hivyo tumekuwa wawili tusiolala, kila mmoja mahali pake. Mwakani, nikifaulu, nitahamia shule ya juu wilayani, ambako wanafunzi hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwalimu Lü anasema nitafaulu. Nimewahi kuwaza ni heri nisifaulu. Sikwambii ili kukulaumu, Shangazi. Nakwambia kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia. Baba nikimwambia ataacha kazi, na Bibi nikimwambia atanipiga na ufagio.

Nilimwuliza Bibi Hou kama kuna njia ya kuuondoa mwiko wa chungu kilichorudishwa. Nilidhani atacheka. Akafikiri kweli, akiwa ameshika shavu. Akasema, “Kilichorudi hakina kazi mpaka kiombwe tena. Mtu mwenye shida aje, asimame mlangoni, aseme, ‘Mama, naomba chungu.’ Apewe. Kikitoka mikononi mwa mwenyewe, mambo yanakuwa kama zamani. Lakini aje mwenyewe. Chungu cha dawa hakiombwi kwa simu.”

Basi hilo ndilo ombi langu. Limenichukua kurasa nyingi kulifikia.

Njoo ukiazime, Shangazi. Hata kama huumwi. Najua kukosa usingizi si kwa Bibi peke yake. Baba anasema ukimpigia simu, unapiga saa ambazo watu wengine wamelala. Basi unayo shida ya kutosha kusimama nayo mlangoni. Mzee Pang atakupima na wewe, atakutukana kidogo, atakupa viini vya kunazi zetu wenyewe. Mtachemsha pamoja kwa chungu kimoja, mtakunywa, na makapi tutayamwaga barabarani tuyakanyage sisi kwa sisi. Ukiondoka, ondoka nacho. Bibi atakuwa tena na kitu chake kwenu. Goti likikubali, atakifuata. Lisipokubali, nitakifuata mimi kwa niaba yake nikimaliza shule, nimwone na Lei.

Usimwogope. Wiki iliyopita theluji ya kwanza ilianguka. Nilipofika Ijumaa nilikwenda moja kwa moja ukutani, nikiwaza maji yameganda ndani ya chungu na kukipasua. Nilikikuta kimepinduliwa kifudifudi, kimetandikiwa mabua ya mahindi chini, na juu kimefungwa gunia kwa ile kamba ya kifurushi chako, ambayo aliitaka kwa ajili ya magunia. Nilimwuliza nani amefanya hivyo. Akasema upepo. Shangazi, upepo wa Shigou naujua tangu nizaliwe. Haujui kufunga fundo.

Na yale matunda ya macho ya joka, aliyosema nimpe Bibi Hou yote, nakuta kokwa zake ndani ya majivu kila ninapozoa jiko. Nazoa bila kusema kitu.

Mlima ni ule ule. Ukishuka stendi, njia ya mkono wa kulia ndiyo iliyokuwa na mteremko mbaya. Sasa wameweka mawe. Mlango wetu umepakwa rangi ya kijani, usipite ukidhani umepotea. Komeo, kama nilivyokueleza, halifungwi.

Nisalimie Bwana Duan, na umwambie kwamba hapa hakuna anayemsema vibaya isipokuwa Bibi Hou, naye humsema kila mtu. Msalimie sana Lei. Mwambie ana dada huku mlimani, anayejua kupiga kunazi bila kuchomwa na miiba, na yuko tayari kumfundisha. Baba na Mama wangekusalimu kama wangejua ninaandika. Bibi Hou anakusalimu; anasema ulipokuwa msichana ulimvunjia mtungi, na bado anangoja.

Mababu wetu wakulinde njiani na nyumbani. Usingizi wako uwe mzito na mtamu kama wa mtoto mgongoni mwa mama, na asubuhi zako zikukute huna jeraha.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye toka siku ya kitana,

Geng Xiaosui

Baada ya kutia sahihi: Nilipokuwa nikitafuta gundi ya kufungia bahasha, Bibi aliniuliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Mwalimu Lü hutukataza uongo, hivyo nikasema. Akauliza nimekwambia nini. Nikajibu nimekwambia uje uazime chungu. Hakuinua uso. Aliendelea kuchagua kokwa, nzuri huku, mbovu huku, na mimi nikasimama na bahasha mkononi nisijue kama niichane. Mwishowe akasema, “Mwambie mfuniko una ufa upande wa kushoto. Akikiinua, ainue kwa mikono miwili.”